Mtu wa Krismasi

Mwezi uliopita tulimuaga Mama Shiru kwenye ukumbi wa kanisa huko Savage, Minnesota, upande ule wa maghala ya kando ya mto. Ameuza nyumba yake ya kulelea wazee na anarudi Nyahururu, safari hii moja kwa moja. Niliketishwa kwenye meza ya watu aliowasomesha, kwa sababu mpangaji wa viti hakujua pengine pa kuniweka. Kijana mmoja mwenye tai mpya aliniuliza huku akitafuna, "Na wewe ulikuwa wa mwaka gani?" kama watu waliosoma shule moja wanavyoulizana. Nikamwambia sikuwa wa mwaka wowote; nilipewa nafasi, nikaikataa. Aliacha kutafuna. "Ulikataa? Nani hukataa kusomeshwa?" Akasogeza kiti chake kidogo tu, upande wa pili. Huenda alikuwa anampisha mhudumu. Nimekifikiria kile kiti kwa wiki nne sasa na bado sina uhakika.

Nitaeleza mwaka mmoja tu. Nilikotoka, wazazi wangu na safari yangu ya kuja Minnesota nitaviacha, maana havina mkono katika jambo hili. Mwaka wenyewe nauhesabu kuanzia vuli, nilipohamia chumba cha chini cha nyumba ya Mama Shiru huko New Hope, hadi Krismasi ya mwaka uliofuata. Nilikuwa na shahada ya pili ya uchumi iliyokuwa bado inanuka wino, na tasnifu iliyohusu swali moja: ni lini mwajiri anakubali kulipia mafunzo ya mfanyakazi wake. Nilikuwa nimesoma kila kilichoandikwa juu ya swali hilo, au ndivyo nilivyojiaminisha. Kazi sikuwa nayo. Niliomba kwenye ofisi za serikali ya jimbo, kwenye hospitali, kwenye mabenki. Nilipanda treni ya Green Line kwenda Saint Paul kuhojiwa, na kila nilikohojiwa walitabasamu sana. Njia nzima ya kurudi nililipima lile tabasamu: lilikuja kabla ya jibu langu la tatu au baada yake? Walitabasamu kwa sababu nimewapendeza, au kwa sababu walikuwa wameshampata mwingine na hawakuwa na cha kupoteza? Basi nikaingia kazi ya usaidizi kwenye nyumba ya wazee ya Mama Shiru, mwendo mfupi wa gari kutoka alikoishi. Kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka. Wakenya wa huku huiita nyumba ya namna hiyo "home" tu, na kila mtu anaelewa.

Chumba cha chini kilikuwa na dirisha moja refu lililolingana na ardhi ya nje, kwa hiyo theluji ilipoanza tulianza kuishi kama tumefunikwa blanketi. Upande mmoja palikuwa na kitanda changu, upande wa pili kitanda cha Espérance, katikati mashine ya kufulia. Espérance alitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, ambako alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Alikuwa anakaribia hamsini. Vyeti vyake vya ualimu alivihifadhi ndani ya foronya, na huku havikuwa vimemfungulia mlango wowote. Alikuwa ameshafanya kazi na Mama Shiru miaka mitatu. Juu ya vichwa vyetu lilipita bomba la bati lililoleta hewa ya joto kutoka kwenye tanuri, na bomba hilo lilileta pia harufu ya vitunguu na maneno ya watu wa jikoni. Espérance aliliita redio. "Zima redio yako, nilale," alikuwa akisema, kana kwamba mimi ndiye niliyeiwasha.

Jumapili ya mwisho ya Novemba, baada ya ibada, tulikula jikoni kwa Mama Shiru kama kawaida: mukimo, mchuzi wa kuku, sukuma wiki, chapati zilizofunikwa kwa taulo. Mama Shiru alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, aliyeendesha mambo mengi bila kuinua sauti. Nilipoanza kuishi kwake nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye kila asubuhi alicheka: "Shikamoo! Aki Watanzania mtanizeesha kabla ya siku zangu." Siku hiyo aligonga glasi kwa kijiko. "Watu wangu," akasema, akinielekezea kijiko, "mwaka huu zamu ni ya Rehema. Januari anaingia college, anasomea ule uuguzi wa mwaka mmoja. Ada ni yangu, na shifti zake tutazipanga zifuate masomo."

Walipiga makofi. Niliambiwa baadaye kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka: anachaguliwa mfanyakazi mmoja, anasomeshwa, anahitimu, anaondoka kwenda hospitali kubwa kwenye mshahara wa maana. Hakuna anayerudisha ada. Aliyekaa kando yangu, Muchiri, alikuwa mmoja wao. Sasa alikuwa msimamizi wa wauguzi kwenye wodi moja ya upasuaji. Espérance alipiga makofi pia, lakini alikuwa anaitazama sahani yake.

"Asante sana, Mama," nikasema. "Masharti ni yapi?"

"Masharti ya nini?"

"Ya mkataba."

Muchiri alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Bongo anataka mkataba! Mama, itisha wakili."

Shiru, binti wa mwenye nyumba, alikuwa na miaka kumi na sita, alielewa Kiswahili chote na alijibu kila kitu kwa Kiingereza. Alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba ninachouliza ni nitadaiwa nini.

"Shiru, pitisha sukuma," mama yake akasema. Kisha akanigeukia. "Hakuna mkataba, msichana wangu. Kula chapo, inapoa."

Nieleze kwa nini chapati ile niliirudisha sahanini. Mwajiri akikufundisha kutumia mtambo uliopo kiwandani kwake tu, hana wasiwasi, maana ujuzi huo huwezi kwenda nao popote. Lakini akikufundisha kazi inayotakiwa kila mahali, amekujengea mlango wa kutokea na amekukabidhi ufunguo. Ndiyo maana tulifundishwa darasani kwamba mwajiri mwenye akili timamu halipii mafunzo ya aina hiyo ya pili. Na ukimwona analipia, tafuta anakojirudishia. Pengine anakupunja mshahara wakati unasoma. Pengine amekufunga kwa miaka kadhaa. Uuguzi ni aina ya pili hata usingizini. Na huyu mama, ambaye nilimwona mwenyewe akirudisha dukani mfuko wa viazi kwa sababu vitatu vilikuwa vimeoza, alikuwa anamjengea mtu mlango kila mwaka. Kamba lazima ilikuwapo. Kwa kuwa sikuiona, niliiogopa zaidi.

Nikaanza kuitafuta. Nilidhani iko kwenye mshahara. Nikaulizia kwa werevu, nikakuta wote tunalipwa sawa, waliopewa zamu na wasiopewa. Nikadhani iko kwenye kodi ya chumba. Kodi ilikuwa rahisi kuliko kote nilikowahi kukaa, na hilo nalo likanitia shaka. Kisha mpwa wa Mama Shiru, fundi wa magari mwenye sauti nzuri, akaja kula Jumapili mbili mfululizo na kuniuliza kama napenda kuvua samaki kwenye barafu. Nikasema basi, nimeijua, ninatafutiwa mume. Jumapili ya tatu alikuja na mchumba wake, mwimbaji wa kwaya, nikabaki na aibu ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mimi. Nilimchunguza hata mchungaji.

Jumamosi moja mchana tulikuwa tunakunja nguo, mimi na Espérance, na redio ikawaka yenyewe. Muchiri alikuwa amepita kunywa chai.

"Umemwambia?" akauliza.

"Kwani wewe nilikuambia?" Mama Shiru akajibu.

Kijiko kilizunguka kikombeni. "Huyu anauliza sana, Mama. Huyu ataulizia hata chumvi ilinunuliwa wapi."

"Wacha aulize. Ni msichana mchanga, ana afya, hana mtoto, Kiingereza chake kimenyooka. Huyo ni mtu wa Krismasi wa miaka ishirini. Ungetaka nimpe nani? Espérance? Nampenda, lakini Espérance atanipa miaka mingapi na magoti yale?"

Nilibaki na soksi mkononi. Espérance aliendelea kukunja taulo, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya nyingine, akaisawazisha.

"Dada," nikanong'ona, "mtu wa Krismasi ni nini?"

"Utaona Krismasi."

"Wewe unajua?"

"Miye iko hapa miaka tatu. Najua."

"Na hii zamu, wewe uliitaka?"

Akacheka kidogo, kwa pua. "Kila mwaka. Lakini si umesikia redio? Miye nilifundisha hesabu, Rehema. Ule mama anahesabu muzuri. Sikuona kosa."

Kile nilichokuwa nimekiandika katika sura ya tatu ya tasnifu yangu, kwamba mafunzo huelekezwa kwa vijana kwa sababu mwekezaji ana miaka mingi zaidi ya kuvuna, nilikuwa nimekiandika kwa mchoro wenye mstari wa buluu unaoshuka taratibu kuelekea kulia. Sasa mstari huo ulikuwa umekaa mbele yangu kwenye kitanda, unatafuta soksi ya pili.

Krismasi ikafika. Sisi wote tuliofanya kazi kwenye home tulipewa siku nzima ya mapumziko. Wakati huo sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa mgeni, na nilifikiri Mama Shiru ameita vibarua kutoka kwa wakala wa ajira. Lakini kanisani, wakati kwaya imevaa vitenge na watoto wamebanwa kwenye suti, nilianza kuhesabu viti. Muchiri hakuwepo. Mkewe hakuwepo. Wairimu, aliyeongoza wauguzi wa zamu za mchana katika hospitali moja ya Saint Paul na ambaye hakuwahi kukosa ibada, hakuwepo. Kabla mahubiri hayajaanza nilimnong'oneza Mama Shiru kwamba kichwa kinaniuma. Alinitazama muda mrefu kuliko maumivu ya kichwa yanavyostahili, kisha akasema, "Endesha polepole, barabara ina barafu."

Nilienda home. Muchiri ndiye aliyekuwa sebuleni. Alikuwa amevaa aproni, amepiga magoti kwenye zulia, anakata kucha za miguu za mzee Walt. Walt alikuwa mzee wa Kimarekani aliyewahi kutengeneza boti, na ambaye siku za kawaida alitufichia vidonge chini ya ulimi. Kutoka bafuni nilisikia Wairimu akisugua beseni la kuogea huku akiimba.

"Bongo," Muchiri akasema bila kuinuka. "Kanisa limeisha?"

"Nani yuko kwenye shifti?"

"Si unaniona?"

"Wewe ni msimamizi wa wodi."

"Leo mimi ni wa kucha."

Walt alisema kwa majivuno kwamba kila Krismasi analetewa wakubwa. Wadogo kama mimi anawapata siku nyingine zote.

"Huu ni mwaka wako wa ngapi?" nikamuuliza Muchiri.

"Wa saba."

"Na hospitali ingekulipa nini leo, siku ya sikukuu?"

"Usiniulize hiyo mbele ya mgonjwa." Alipuliza vumbi la kucha. "Hapa Mama ananilipa kama msaidizi. Kama wewe. Sioni shida."

"Na watoto wako?"

Aliinuka, akajinyoosha mgongo. "Mama yao huwapeleka Texas kwa nyanya yao. Tunafungua zawadi wakirudi. Kijana wangu mdogo anafikiri Krismasi ni tarehe ishirini na nane. Mwalimu alimsahihisha darasani, akalia, akasema mwalimu ni mwongo." Alicheka. Mimi nilimtazama usoni kuona kama kicheko kilifika hadi machoni, na nadhani kilifika, na jambo hilo ndilo lililonitisha.

"Nani aliwahi kukataa kuja?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo hamjui mtu akikataa inakuwaje."

"Hatujui," akasema. "Wewe una maswali kama ya polisi. Shika huo mguu mwingine."

Niliushika. Na nikiwa nimeushika, hesabu yote ilijipanga. Wafanyakazi wa Mama Shiru wote walikuwa watu wa kanisa. Mishahara yake ilikuwa ya kawaida, na home nyingine zilikuwa zinawawinda kwa nyongeza ndogo. Lakini hakuna home nyingine iliyoweza kuwaahidi kwamba hawatakosa Krismasi hata mara moja, maana Krismasi ndiyo siku ambayo hata wakala hapokei simu. Siku moja ilikuwa inawashikilia watu mwaka mzima. Na siku hiyo ililipiwa na waliosomeshwa, mmoja baada ya mwingine, bila kikomo, kila mwaka akiongezeka mtu. Hii ndiyo kamba niliyokuwa naitafuta. Ilikuwa nyembamba kiasi kwamba waliofungwa nayo waliimba wakiwa bafuni. Kitabu chochote nilichowahi kusoma hakikuwa na mpango mzuri kama huo, na nikiwa nimeshika mguu wa Walt nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa saa iliyotengenezwa kwa ustadi, kisha akaambiwa aingie ndani yake.

Siku mbili baadaye nilimkuta Mama Shiru jikoni peke yake, anasukuma chapati.

"Mama, nimeelewa. Tunalipa kwa Krismasi."

Hakusimamisha mti wa kusukumia. "Ulifikiri nini? Ulifikiri natoa ada kwa sababu una macho mazuri?"

"Kwa nini husemi?"

"Nikisema inakuwa mkataba."

"Na mkataba una ubaya gani?"

"Mkataba una mwisho, mami."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia nataka kusoma, na kweli nilitaka. Nilikuwa nimechoka kutabasamiwa. Nikamwambia nitafanya Krismasi tano, nane akipenda, tuandike, tuweke sahihi, kila mtu ajue lini nitakuwa huru. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri sana, na hilo nalo sikulipenda.

"Tukiandika tano," akasema, "ya sita nitakupigia simu, nawe utaniambia, Mama, soma karatasi. Tusipoandika, ya sita utakuja mwenyewe. Na utafikiri ni wazo lako."

"Hicho ndicho kinachoniogopesha."

"Najua. Wewe umesomea kuogopa." Aligeuza chapati kwa vidole. "Muchiri unamwona ana huzuni?"

"Hapana."

"Sasa?"

Angekuwa na huzuni ningejua la kufanya. Nililala na swali lile kwa siku kadhaa, nikiligeuza. Kama mtu anafurahia deni, je, ni deni? Kama mtu hajui kwamba anaweza kukataa, je, amekubali? Niliandika faida upande mmoja na hasara upande wa pili, nikagundua kwamba sijui Krismasi niiweke upande gani, maana kumbe thamani yake kwangu ingetegemea ningekuwa nani baada ya miaka kumi, na huyo mtu wa baada ya miaka kumi angekuwa ametengenezwa na Mama Shiru. Hapo nikasimama. Mwisho wa wiki nilimwambia hapana. Alisema, "Sawa." Siku mbili baadaye akanituma unga dukani kama vile hakuna kilichotokea, na nikapima hata ule uzito wa unga aliouagiza.

Kilichofuata sikukipanga mimi. Jumapili ya kwanza ya Januari, mezani, siku chache kabla ya dirisha la kujiandikisha kufungwa, Espérance alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mezani.

"Mama," akasema, "ile zamu imebaki. Unipe miye."

"Tutaongea, Espérance. Kaa ule."

"Hapana, tuongee sasa. Bon. Bengine banakupa Noeli moja kila mwaka. Miye ntakupa Noeli na Pasaka. Zote mbili. Kama kijana anakupa sikukuu makumi mbili kwa miaka makumi mbili, miye ntakupa makumi mbili kwa miaka kumi. Ni sawa sawa. Hesabu tena kama unataka."

Muchiri alitazama dari. Kwa miaka yote ile hakuna aliyekuwa amelitamka jambo lenyewe chakula kikiwa mezani, na sasa lilikuwa limekaa katikati ya mabakuli na kila mtu analiona. Mama Shiru alikuwa amekasirika kweli. Shingo yake ilikuwa imejaa.

"Nani amezungumza habari ya Krismasi hapa?"

"Hakuna," Espérance akasema. "Miye ndiye nasema."

"Na magoti?"

"Magoti ni yangu."

Shiru alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo. Mama Shiru alimtazama binti yake, akanitazama mimi kana kwamba ndiye niliyemfundisha Espérance maneno yale, na naapa sikumfundisha. Halafu akamtazama Espérance, kuanzia kichwani hadi chini, kwa jicho lile lile lililorudisha viazi dukani.

"Hatuandiki," akasema.

"Usiandike. Miye nakumbuka."

Nilimpeleka mwenyewe kujiandikisha, maana alikuwa hajawahi kuendesha gari kwenye barafu. Njiani nilimwambia kila nilichokiona: kwamba amejifunga maradufu, kwamba Pasaka haikuwa imeombwa, kwamba mtu akianza kupandisha bei yake mwenyewe hajui itaishia wapi. Alinisikiliza huku akipangusa mvuke kwenye kioo kwa mkono wa koti. "Weye," akasema mwishoni, "kama ungepewa miaka tatu unapiga makofi juu ya bengine, ungeona hii bei ni ndogo." Kisha akaniuliza kama nina kalamu.

Mwaka uliobaki ulipita chumbani kwetu, chini ya bomba. Espérance alibandika majina ya mifupa kwenye mashine ya kufulia, Kiingereza juu, Kifaransa chini. Nilimrekebisha matamshi na yeye alinirekebisha hesabu za dozi nilizojifanya nazikagua. Maharage yaliungua mara nyingi. Machipuko nilipata kazi ya muda kwenye ofisi moja ya serikali Saint Paul, kuchambua kama inafaa jimbo lilipie mafunzo ya wasaidizi wa afya, nami nikaendelea na shifti za mwisho wa wiki kwenye home kwa sababu sikuwa naiamini ile kazi. Wakubwa wangu walitaka namba moja: kila kinachowekwa kwa mtu kinarudi mara ngapi. Niliwapa namba. Ilikuwa namba safi, iliyokaguliwa, na kila nilipoiangalia niliona imeacha nje kila kitu nilichokuwa nakisikia kwenye bomba. Bado nafanya kazi hiyo, na bado naishuku namba. Siku ya kumuaga, Mama Shiru alinishika mkono akaniambia, "Wewe ndiye mtu pekee niliyempoteza." Nikaenda na neno hilo nyumbani. Lilikuwa sifa au hesabu?

Espérance alimaliza masomo mapema Desemba. Hatukufanya sherehe kubwa, alikataa. Krismasi ile ilianguka siku ya baridi kali isiyo na upepo. Mimi, kwa kuwa bado nilikuwa na shifti zangu za wikendi, nilihesabiwa miongoni mwa wafanyakazi, na nilipewa siku nzima kama wengine. Nilikaa kanisani kati ya Mama Shiru na Shiru. Nilijaribu kuimba. Kila mstari nilijua ni nani anaulipia, na kwa magoti yapi. Ibada ilipokwisha nilifungasha sufuria ya pilau na kachumbari, nikaendesha gari hadi home, nikapiga kengele. Nilikuwa nimeshaamua: ningevaa aproni, ningefanya nusu ya shifti yake, na hakuna ambaye angeweza kuniambia ni sehemu ya mpango wowote, kwa kuwa hakuna aliyenipangia.

Espérance alifungua mlango. Alikuwa amevaa sare mpya ya uuguzi, mikunjo ya dukani bado inaonekana, na taulo begani. Nyuma yake nilimwona Muchiri akimvalisha Walt kofia nyekundu, na Wairimu na mwingine ambaye sikumjua wakivutana shuka.

"Noeli njema," akasema. "Unatafuta nini?"

"Nimekuja kukusaidia."

Alitazama miguu yangu, viatu vyangu vya kanisani, kisha akasogea, akajaza mlango.

"Leo si yako, Rehema."

"Ni mimi mwenyewe nimetaka. Hakuna aliyenituma."

"Najua. Ndiyo maana." Alipokea sufuria kutoka mikononi mwangu, akaikumbatia kwa mikono miwili. "Hii ni ya kwanza. Niko nalipa. Usinipunguzie."

"Espérance, hata saa moja?"

"Hata. Rudi, barafu itakushika."

Akafunga mlango taratibu, kwa kisigino, maana mikono ilikuwa imejaa. Nilibaki barazani. Ndani Walt alisema kitu, mtu akajibu, kisha wote wakacheka pamoja, kicheko kirefu cha watu wanaojuana. Nilisogea karibu na mlango nisikie wanacheka nini. Sikusikia. Vidole vilipoanza kufa ganzi nilishuka ngazi, nikaenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari.